Kumfikia Mwenye Kuamua
Hotuba ya Kamati ya Masoko kwa wanachama, kabla ya harambee ya mwaka



Kamati ya Masoko imepewa dakika ishirini, na Mwenyekiti ametuonya kwamba pilau haisubiri mtu. Kwa hiyo hesabu hatutazisoma hapa, zimo kwenye kijitabu mlicho nacho mkononi. Tumechagua jambo moja tu la kuzungumza nanyi kabla ya kufungua mikoba, kwa sababu fedha tunayoomba leo inahusiana nalo moja kwa moja. Jambo lenyewe ni hili: mboga za Lushoto zinauzwa na nani, kwa nani, na ni nani hasa huko mbele anayesema "leteni".

Wote mnaijua safari. Kila jioni malori hupakia Lukozi, Mlalo, Soni na Bumbuli. Yanateremka Mombo usiku, yanashika barabara ya Segera na Chalinze, na alfajiri yako sokoni Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Mkulima aliyelima, akapalilia, akapiga dawa na kubeba mzigo kichwani hadi barabarani, amebaki nyumbani na namba ya simu ya dalali. Saa mbili asubuhi anapigiwa: "Mzee, soko limeanguka." Hana wa kumuuliza limeangukia wapi.

Hatuwatukani madalali. Wengine ni watoto wetu, na wamo humu ukumbini. Dalali ana kazi yake, na sokoni bila yeye mzigo unaoza. Lakini yeye ndiye mtu pekee wa mbele ambaye mkulima wetu amewahi kuongea naye. Ndiyo maana lumbesa haiishi. Wakala wa Vipimo wamesema miaka nenda rudi kwamba gunia lisizidi kilo 100, na bado tunaona magunia yaliyofungwa kilemba juu kama maharusi. Anayenunua kwa gunia atataka gunia kubwa. Anayenunua kwa kilo hana sababu ya kutaka hivyo. Dawa ya lumbesa, kwa maoni ya kamati, ni kumpata mnunuzi wa kilo.

Wanunuzi wa kilo wapo. Ni hoteli za Dar es Salaam na Unguja, maduka makubwa, kampuni zinazopika chakula kwa ajili ya wafanyakazi na abiria, hospitali, shule za bweni, magereza na kambi. Wote hawa wanakula kila siku, mvua inyeshe, jua liwake. Na karibu wote wanakula mboga ambazo baridi ya kwetu inazikuza vizuri: karoti, kabichi, letusi, liki, brokoli, hoho, viazi. Kwa nini basi hawanunui kwetu moja kwa moja? Jibu tulilokuwa tukipewa nyumbani ni kwamba "wakubwa hawafikiki". Kamati imetumia mwaka mzima kulichunguza jibu hilo, na tunaweza kusema kwamba wakubwa wanafikika. Ugumu ni kumjua mkubwa yupi anaamua nini.

Tuchukue hoteli kubwa, maana huko ndiko tulikohangaika zaidi. Ukifika getini kuna mlinzi. Ndani kuna dada wa mapokezi. Baada ya hapo kuna afisa ununuzi, mtu wa stoo anayepokea mizigo, mpishi mkuu, mdhibiti wa fedha, na juu yao meneja mkuu. Kijana wa kwetu akitumwa kuuza karoti humtafuta meneja mkuu, kwa kuwa ndiye mwenye cheo. Meneja mkuu mwenyewe hajui karoti ziliisha lini jikoni. Atapeleka barua yako kwa afisa ununuzi, na huko itakaa.

Afisa ununuzi si mtu mbaya. Jiwekeni mahali pake. Ana msambazaji wa siku zote ambaye analeta mzigo, labda si mzuri sana, lakini anauleta. Akimbadilisha akakuchukua wewe, na siku moja lori lako likakwama Mombo, atakayeitwa ofisini ni yeye. Mzigo ukifika vizuri mwaka mzima hakuna atakayempongeza. Kwake wewe ni hatari isiyo na faida. Barua yenye maneno matamu haimwondolei hatari hiyo. Anachohitaji ni mtu mwingine ndani ya hoteli aseme "nawataka hawa", ili uamuzi usiwe wake peke yake.

Mtu huyo mara nyingi ni mpishi mkuu. Yeye ndiye anayepanga orodha ya vyakula, na ndiye anayelaumiwa saladi ikifika mezani imenyauka. Mpishi haamini karatasi, anaamini kisu na ulimi. Usimwendee saa sita mchana, jiko linawaka. Nenda baada ya saa tisa alasiri, chakula cha mchana kimekwisha na cha usiku hakijapamba moto. Beba kreti moja ya mboga zilizovunwa jana, zimeoshwa, zimepangwa kwa ukubwa mmoja. Halafu, na hapa vijana wetu wa mauzo mtusikilize, usianze kusifu. Uliza. Ni kitu gani unakosa wakati wa masika? Ni kitu gani kinaletwa na unakitupa nusu?

Tulijifunza swali hilo kwa kijana mmoja wa Bumbuli anayeosha masufuria katika hoteli moja ya Dar es Salaam. Barua zetu mbili zilikuwa zimekaa pale miezi minne bila jibu. Yeye ndiye aliyetuambia, kwa simu ya dakika tatu, kwamba kila asubuhi jikoni kwao wanamenya karoti zilizopinda na kutupa sehemu kubwa kwenye ndoo, na mpishi analalamika kwa sauti. Tukapeleka kilo 20 za karoti zilizonyooka, za unene mmoja. Wiki ya pili afisa ununuzi alitupigia yeye mwenyewe. Tunalisema hili kwa sababu baadhi yetu tukisikia "wakubwa" tunamsahau mwenzetu anayeosha masufuria. Huyo ndiye aliyekuwa na habari yenye thamani kuliko yeyote katika chama hiki, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Lakini msiruke. Mpishi akishakubali, rudini kwa afisa ununuzi kwa adabu, mumpe bei na ratiba, mumwachie nafasi ya kupatana. Ukimvuka ukaenda kwa meneja mkuu kumshitaki, utapata oda moja, na ankara yako itachelewa hadi ukome. Meneja mkuu tunamhitaji kwa mambo mawili makubwa: mkataba wa mwaka badala ya oda za kubahatisha, na masharti ya malipo. Hapo ndipo aende mtu mzima mwenye kauli, pengine Mwenyekiti mwenyewe. Wakubwa wanapenda kuongea na wakubwa wenzao, hilo tusijidanganye.

Na mara nyingine kiti si cheo. Unguja tuligundua kwamba hoteli kadhaa za ufukweni hazinunui mboga zenyewe kabisa. Zinaletewa na mzabuni wa mjini, ambaye naye anapokea mizigo kutoka bara kwa boti. Mngeweza kumfuata meneja wa hoteli hadi Nungwi na kurudi, naye angewaambia kwa ukarimu kabisa kwamba hilo si lake. Anayeamua ni mfanyabiashara wa Darajani mwenye daftari na simu mbili. Tumekwisha kaa naye.

Jambo jingine ni wakati. Zanzibar wageni hupungua sana Aprili na Mei, mvua za masika zikipiga, na baadhi ya hoteli hufunga kwa matengenezo. Kuanzia Juni wageni wanarudi, na Desemba ndiyo vurugu yenyewe. Kabichi inahitaji kama miezi mitatu tangu kuhamishwa kitaluni, karoti nazo miezi mitatu hadi minne. Anayekwenda kuomba soko la Julai mwezi wa Julai amechelewa, maana shamba lilitakiwa kuwa na miche Aprili. Kwa hiyo Aprili, wakati meneja ana muda wa kunywa chai na mgeni, ndio mwezi wa kumwona. Taasisi za serikali nazo mwaka wao wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na mipango ya ununuzi huandaliwa kabla ya hapo. Ukienda Septemba unakuta sahani imeshagawanywa.

Kuhusu serikali tuseme wazi, kwa sababu hapa kuna maneno mengi vijiweni. Shule, hospitali na magereza hazinunui kwa mpishi kupenda karoti. Sheria ya Ununuzi wa Umma, Na. 10 ya mwaka 2023, imeugawa uamuzi makusudi: kuna idara inayohitaji, kuna kitengo cha ununuzi, kuna kamati ya tathmini, kuna bodi ya zabuni, na kuna afisa masuuli. Hakuna mmoja wao anayepaswa kukupa zabuni peke yake. Na zabuni zenyewe zinapita katika mfumo wa NeST, kwenye kompyuta, tangu mwaka 2023. Kumtembelea mkubwa nyumbani kwake jioni wakati zabuni iko wazi hakutusaidii, na kunaweza kututoa kwenye kinyang'anyiro. Tunachoruhusiwa, tena ni kingi, ni kusoma mpango wa ununuzi wa taasisi mapema, kuuliza maswali kwa njia rasmi, na kusajili vikundi vyetu. Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Vikundi vya kina mama wa Mtae na Mlalo vingapi viko kwenye NeST? Vichache mno. Hilo halihitaji mkubwa yeyote, linahitaji kijana mmoja mwenye kompyuta na mama mwenye cheti cha kikundi, wakae mchana mmoja.

Sasa tufike penye uzito. Katika ukumbi huu wamo watu wenye nafasi. Wapo wakurugenzi, wahasibu, wanasheria, walimu wakuu, makamanda. Kila tunapokutana, mtu husema pembeni: "Kwani fulani si yuko pale? Si atusukumie?" Kamati imejadili neno hilo vikao vitatu, na hatukukubaliana upesi. Wapo wazee waliosema, mtoto tumemsomesha kwa kahawa na michango ya kijiji, leo atashindwaje kutupa soko? Ni hoja yenye uchungu, na tunaiheshimu. Msimamo tuliofikia ni huu: tunaomba jina, hatuombi upendeleo.

Maana yake ni kwamba ndugu yetu aliye ndani atuambie nani anaamua nini, bajeti inafungwa mwezi gani, kreti zinapokelewa saa ngapi, mkubwa wao ni mtu wa barua au mtu wa simu. Akiweza, atutambulishe kwa mwenzake kwa sentensi moja, kisha asogee kando. Lakini kama yeye mwenyewe anakaa kwenye kikao kitakachoamua, asituguse kabisa. Atangaze kwamba ana maslahi, atoke nje, na sisi tushindane kama watu wengine. Tukimfanya dirisha la nyuma, tutauza karoti msimu mmoja na kumpoteza yeye kazi ya miaka ishirini. Wilaya haina watu wengi wa kupoteza.

Na bahasha hatutoi. Yule wa hoteli moja aliyetuambia "mnajua taratibu" tulimwacha na taratibu zake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwenye ofisi za serikali, inamgusa hata afisa wa kampuni binafsi anayedai chochote ili akupe kazi ya mwajiri wake. Zaidi ya sheria, ni hesabu tu. Faida ya karoti haibebi asilimia kumi ya mtu mwingine. Itatoka kwa mkulima.

Neno dogo kuhusu makatibu muhtasi. Vijana wetu wanawapita kama nguzo, au wanawadanganya kwamba wana miadi. Yeye ndiye mwenye daftari la siku ya bosi. Msalimieni, mwambieni ukweli: tunauza mboga, tunahitaji dakika kumi, tukirudi Alhamisi itafaa? Utaratibu huu si mgeni kwetu. Burton na Speke walipopanda Vugha mwaka 1857 kumwona Kimweri ye Nyumbai hawakujiingilia tu. Walisubiri watu wa mfalme watoke kwanza wawaulize shida yao. Wasambaa wa wakati huo walijua mkubwa anafikiwaje. Vitukuu ndio tunapiga simu mara nne kwa asubuhi moja.

Na barua. Tumekusanya barua ambazo vikundi vya nyumbani vilizipeleka kwa makampuni, na nyingi zinaanza hivi: "Sisi ni wakulima wadogo wenye hali duni, tunaomba mtusaidie kununua mazao yetu." Mkubwa akisoma "mtusaidie" anaipeleka kwa mtu wa misaada, naye anawatumia fulana na kalenda. Hatuombi msaada, tunauza chakula kizuri. Barua ya nusu ukurasa inatosha: "Tunaweza kuwaletea kilo 300 za karoti daraja la kwanza kila Jumanne na Ijumaa kabla ya saa moja asubuhi, kwa kreti, kwa bei isiyobadilika miezi mitatu. Tunatoa risiti ya EFD. Mzigo mtakaoukataa tunauchukua siku hiyo hiyo kwa gharama yetu. Tunaomba dakika kumi za kuwaonyesha sampuli." Basi. Namba ya simu ya mtu mmoja, anayepokea.

Lakini barua kama hiyo ni ahadi, na hapa ndipo harambee ya leo inapoingia. Hatuwezi kuahidi daraja la kwanza wakati karoti zinachaguliwa kando ya barabara, juu ya turubai, kwenye vumbi. Ndiyo maana tunajenga banda la kufungasha: paa, sakafu ya saruji, maji safi, meza za kuchagulia, mizani iliyokaguliwa, na kreti za plastiki badala ya magunia. Kiwanja kipo, mchoro mmeuona ukutani.

Jambo la pili halionekani ukutani, na kwa maoni ya kamati ndilo kubwa zaidi. Hoteli hailipi papo hapo. Mdhibiti wa fedha atakwambia siku 30, mwingine siku 60. Tufanye mfano. Hoteli moja inachukua kilo 500 za mboga kwa wiki, tuseme kwa shilingi 1,200 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 600,000 kwa wiki. Ukisubiri siku 60, zaidi ya shilingi milioni 5 zako zimelala nje kabla hujashika shilingi ya kwanza. Hoteli tatu, zaidi ya milioni 15. Mama mwenye robo eka Lukozi hawezi kusubiri siku 60, ana ada ya shule na mbegu ya msimu ujao. Akisubiri wiki mbili tu atarudi kwa dalali anayelipa taslimu, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Siku atakaporudi kwa dalali, lori letu litakwenda hotelini nusu tupu, na yote tuliyoyasema hapa kuhusu mpishi na meneja mkuu yatakuwa maneno.

Kwa hiyo tunaomba mfuko wa mzunguko. Chama kinamlipa mkulima siku anapofikisha mzigo bandani, kisha chama ndicho kinachosubiri hoteli. Fedha ikirudi inalipa mzigo mwingine. Fedha hiyo hailiwi, inazunguka, na kila robo mwaka hesabu yake itabandikwa bandani na kutumwa kwenye kundi letu la simu. Pia tumeweka mpaka: mnunuzi mmoja asishike zaidi ya theluthi ya mfuko. Mnakumbuka maduka makubwa yaliyotoka nchi jirani, yakafunga milango hapa nchini kuanzia mwaka 2015 na kuendelea, wasambazaji wakabaki na ankara mkononi. Wengi wao walikuwa wamekaa na wakurugenzi, wamekunywa kahawa, wamepiga picha. Kumfikia mkubwa hakukuwalipa. Kabla ya kumkopesha mtu mboga, tutawauliza waliomuuzia kabla yetu analipa siku ya ngapi.

Utaratibu wa leo ni kama ifuatavyo. Fomu za ahadi ziko kwa Mweka Hazina, meza ya kushoto mlangoni. Kuna safu mbili, banda na mfuko wa mzunguko, andikeni kiasi mnapotaka kiende. Pembeni yake kuna daftari jingine lenye jalada la kijani, lisilohusu fedha. Mle tunaomba kila mmoja, awe mkurugenzi au mwosha masufuria, aandike mahali anapofanya kazi, chakula cha pale kinanunuliwa na nani, na siku gani nzuri ya kumpigia. Wasioweza kuandika watasaidiwa na vijana wawili waliovaa beji. Daftari litabaki kwa Katibu na halitasomwa hadharani. Tunaomba lijae kabla sahani hazijaanza kugawiwa, kwa sababu tukishaanza kula hapa hakuna atakayerudi mlangoni.